Mjadala: Kiendelezi cha Spring Boot kiingie mradi mkuu au kibaki nje?

Mwanzisha mada
Wakuu, hoja hii hairuhusu watu kulala. Mtu ameandika kiendelezi kinachofanya kazi, tuseme cha kuunganisha malipo ya M-Pesa na Spring Boot (fremuweki ya Java ya kujengea programu). Apeleke PR (ombi la kuingiza msimbo) kwenye mradi mkuu au akitoe mwenyewe Maven Central (hazina ya umma ya maktaba za Java)? Mimi nasema kinachohitajika na wengi kiingizwe ndani, kwa sababu cha nje hukosa mlezi. Toleo la 3.0 la Novemba 2022 lilipohama kutoka javax kwenda jakarta (majina ya vifurushi vya Java, la zamani na jipya), viendelezi vilivyotelekezwa vilianza kutupa hitilafu ya NoClassDefFoundError (klasi haipatikani) ya javax/servlet/Filter, na waliovitegemea hawakuwa na wa kumuuliza. Vya ndani vilihama pamoja na fremuweki.

Kitasa
Mkuu, kwa hoja yako M-Pesa ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Anayekagua PR hiyo anahitaji akaunti ya majaribio ya kampuni ya simu, pamoja na anwani inayofikika kutoka intaneti ili majibu ya muamala yamfikie. Nani wa kumfanyia hayo? Halafu kampuni ikibadilisha API, watumiaji wako watasubiri ratiba ya matoleo ya Spring Boot. Ukiwa nje unatoa marekebisho jioni hiyo hiyo. Wenye mradi wenyewe wanapunguza mzigo: 4.0 ya Novemba 2025 imeivunjavunja jar (faili la maktaba) kubwa ya spring-boot-autoconfigure kuwa moduli ndogondogo.

Kinachoua viendelezi vya nje ni kuandikwa ovyo. Jina kwanza: msianze na spring-boot, hilo limehifadhiwa kwa mradi mkuu. Iwe malipo-spring-boot-starter, na mipangilio isianze na spring, server wala management. Pili, usajili. Orodha ya klasi za usanidi wa kiotomatiki inakaa kwenye META-INF/spring/org.springframework.boot.autoconfigure.AutoConfiguration.imports, klasi moja kila mstari. Wengi bado wanaiweka kwenye faili la zamani, spring.factories. Toleo la 2.7 lilisoma zote mbili, 3.0 ikaacha kusoma ile ya zamani kwa kazi hii, na hakuna hitilafu inayotokea: programu inawaka vizuri, ila bini yako (kipengee kinachoundwa na kusimamiwa na Spring) haipo. Washa programu kwa --debug, usome ripoti ya masharti. Kama klasi yako haimo popote kwenye ripoti hiyo, basi faili halikusomwa kabisa.

Mwanzisha mada
Sawa kwa hilo la M-Pesa. Lakini bado hujajibu la mlezi. Ukichoka wewe, nani anahamisha javax yako?

Nanga
Hapo ndipo wenzetu wa Quarkus (fremuweki nyingine ya Java) wamewatangulia. Wana Quarkiverse: kila kiendelezi kina repo (hazina ya msimbo) yake na waangalizi wake, lakini vyote viko chini ya shirika moja la GitHub na vinatoka kwa groupId (jina la kundi kwenye Maven) inayoanza na io.quarkiverse. Mmoja akiondoka, repo haiondoki naye. Pia wana utaratibu wa kujaribu viendelezi dhidi ya msimbo wa Quarkus ambao bado haujatolewa, kwa hiyo mvunjiko unaonekana kabla mtumiaji hajakutana nao.

Bei yake ni muundo mkali zaidi. Moduli mbili, runtime (ya programu inapoendeshwa) na deployment (ya wakati wa kujenga). Ya deployment inaitegemea runtime, kamwe si kinyume chake. Kazi ya wakati wa kujenga inaandikwa kwenye mbinu zenye @BuildStep. Ukisahau kusajili kwa ReflectiveClassBuildItem klasi inayosomwa kutoka JSON, kwenye JVM (mashine inayoendesha Java) kila kitu kitapita, kisha programu asilia ya GraalVM, isiyohitaji JVM, itashindwa kuisoma.

Kitasa
Quarkiverse nakubali, ni mpango mzuri kuliko wetu.

Mizani
Mnapigania mahali pa kuweka msimbo kabla ya kuuliza ni wa nani. Spring iliacha CLA (mkataba wa mchangiaji) Januari 2025, sasa inataka DCO (tamko la asili ya msimbo): kila komiti iwe na mstari wa Signed-off-by, yaani git commit -s. Zilizosahauliwa zinarekebishwa kwa git rebase --signoff. Watu wanaona ni urasimu tu, kumbe mstari huo unatamka kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Kama mkataba wako wa ajira unasema ulichoandika kazini ni mali ya mwajiri, pata ruhusa ya maandishi kabla ya kutia saini. Na hili halikwepeki kwa kubaki nje. Maven Central wanadai leseni itajwe kwenye POM (faili la maelezo ya maktaba), na toleo likishatoka halifutwi.

Mwanzisha mada
Basi nibadilishe swali. Kabla ya PR au kutoa nje, kiendelezi kionyeshe nini ndipo kiaminike?

Kitasa
Majaribio matatu ya ApplicationContextRunner (zana ya majaribio ya Spring Boot). Bila chochote, bini ipo. Mtumiaji akiweka bini yake, yako inajiondoa kwa @ConditionalOnMissingBean (sharti la kutokuwepo bini nyingine). Maktaba ikiondolewa kwa FilteredClassLoader, programu inawaka bila kuanguka. Wengi huangukia la tatu, kwa sababu wameweka @ConditionalOnClass (sharti la kuwepo klasi) juu ya mbinu inayorudisha aina isiyokuwepo, na JVM inagoma hata kabla sharti halijapimwa. Hamishia mbinu hiyo kwenye klasi ya ndani iliyo static, yenye sharti lake yenyewe.

Nanga
Ongeza la nne: klasi za usanidi zisikae kwenye kifurushi kinachochanganuliwa na programu ya mtumiaji. Zikichukuliwa mapema, lile sharti la @ConditionalOnMissingBean linapimwa kabla bini ya mtumiaji haijasajiliwa, na zinabaki bini mbili zinazogombana.