Jezi ya hoki niliyoikuta kwenye belo, na nyingine iliyoko mnadani: nitaitambuaje iliyo halisi?

Muuzaji wa Mwanjelwa, Mbeya

Habari zenu, na wakubwa shikamooni. Ninauza mitumba hapa Mwanjelwa, zaidi masweta na makoti, kwa kuwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba haina huruma. Mara kwa mara kwenye belo la masweta hutokea jezi kubwa, nzito, za ule mchezo wa hoki ya barafuni unaochezwa Canada na Marekani. Vijana wa bodaboda huzipenda kwa sababu ni pana na zinavalika juu ya koti, na miaka yote nimeziuza kwa shilingi elfu nane au elfu kumi bila kujiuliza chochote.

Wiki iliyopita nilifungua belo nikakuta jezi nyekundu ya timu ya Detroit Red Wings, yenye gurudumu lenye bawa kifuani, na mgongoni jina Yzerman na namba 19. Kilichonishtua ni uzito wake. Kitambaa kina vitundu lakini kimeshiba, viwiko vimewekwa kitambaa mara mbili, na ndani ya pindo la nyuma umeshonwa mkanda mnene ambao sikuielewa kazi yake. Nilikuwa nimeshashika wembe niutoe nikidhani ni wa kutundikia. Lebo ya shingoni ni ya CCM (kampuni ya vifaa vya hoki, si chama), ina namba 52, na imeandikwa kwamba jezi imetengenezwa Canada.

Nilimtumia picha mdogo wangu anayeishi Toronto. Akaniambia nisithubutu kuiuza, kwa sababu jezi za namna hiyo hupigwa mnada mtandaoni kwa mamia ya dola. Papo hapo akanitumia tangazo la mnada wa jezi nyekundu inayofanana na yangu, ambayo mwenye nayo anadai ilivaliwa na Yzerman mwenyewe, nahodha wa Detroit, usiku wa tarehe 7 Juni 1997, Detroit ilipotwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi yao, mbele ya mashabiki wake. Dau limefika dola 850 na zimebaki siku nne. Kuna cheti cha uhalisi, na mdogo wangu anataka tuchange fedha tuinunue, kisha tuiuze tena. Naomba anayefahamu mambo haya anieleze: ya kwangu ni ya kweli au ni feki, na hiyo ya mnadani tuiguse au tuiache?

Mkusanyaji, Iringa mjini

Marahaba, ndugu yangu, na weka huo wembe chini kwanza. Mkanda unaotaka kuukata ndio wa kwanza kuangaliwa na kila mnunuzi makini. Mchezaji huufunga kwenye suruali yake ili wakianza kupigana mwenzake asimvue jezi na kumfunika nayo kichwa. Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Canada na Marekani, mchezaji ambaye hakuufunga na jezi ikamtoka mwilini wakati wa ugomvi hutolewa nje ya mchezo. Kwa hiyo mkanda wa kweli hushonwa kubeba uzito wa mtu mzima anayevutwa, si pambo. Jezi za kawaida za mashabiki hazina mkanda huo. Feki nyingi wanauweka siku hizi, lakini huwa mwembamba na umeshikizwa kwa mishono michache ambayo mtoto angeifumua.

Niliishi Canada miaka kumi na moja kabla ya kurudi Iringa, na kabati langu hapa Gangilonga lina jezi nyingi kuliko anavyopenda mke wangu. Nilichojifunza ni kwamba neno «halisi» linawapotosha watu kwa kuwa linabeba mambo manne kwa pamoja. Kuna feki, isiyo na kibali cha mtu yeyote. Kuna jezi ya mashabiki, yenye kibali, nyepesi, ambayo saizi yake huandikwa kwa herufi kama L au XL. Kuna jezi ya kiwango cha wachezaji inayouzwa dukani, yenye kitambaa kizito, viwiko viwili, mkanda, na saizi ya namba kama 46, 50, 52 au 54. Halafu kuna iliyovaliwa mchezoni. Jezi inaweza kuwa halali kabisa katika daraja la tatu na ikawa uongo mtupu ikipandishwa daraja la nne, na wizi mwingi wa minadani haufanywi kwa jezi feki, unafanywa kwa jezi nzuri iliyotungiwa hadithi. Kwa maelezo yako, ya kwako inaelekea kuwa ya daraja la tatu. Nitazame picha za ndani ndipo niseme zaidi.

Kuhusu ile ya mnadani, mwambie mdogo wako asiweke hata senti. Kabla ya kuangalia uzi wala lebo, angalia kalenda. Mwaka 1997 timu za NHL zilivaa nyeupe zinapocheza nyumbani na za rangi zinapokuwa ugenini; utaratibu huo uligeuzwa msimu wa 2003/04. Detroit ilimaliza fainali ile dhidi ya Philadelphia ikiwa kwenye uwanja wake, Joe Louis Arena, kwa hiyo usiku huo Yzerman alivaa nyeupe. Kama muuzaji angesema ni ya tarehe 16 Juni 1998, walipolitwaa tena wakiwa Washington, rangi nyekundu ingekubali, na tungelazimika kutafuta kosa mahali pengine. Huyu amechagua usiku unaojulikana zaidi akasahau kuangalia picha ya usiku wenyewe.

Kwa njia hiyohiyo, tazama ile ngao ndogo ya ligi iliyoshonwa kwenye jezi yako. Hadi mwaka 2005 ilikuwa nyeusi na rangi ya chungwa, baada ya hapo ikawa nyeusi na ya fedha. Jezi za Reebok zenye pindo la mviringo zilianza msimu wa 2007/08, za Adidas 2017/18, na za Fanatics 2024/25. Yzerman alistaafu mwaka 2006. Ukiona mnadani jezi ya Reebok ya muundo huo ikidaiwa kuwa aliivaa akicheza ligi, huhitaji darubini.

Fundi cherehani, Makambako

Mimi hoki siijui, na sidhani kama nimewahi kuona barafu kubwa kuliko ile ya asubuhi kwenye majani huku kwetu, lakini uzi naujua kwa sababu natarizi nembo za sare za shule tangu nikiwa binti. Kaka wa Mwanjelwa, geuza jezi ndani nje, uiweke juani, usitumie taa.

Angalia kwanza namba. Namba nzuri hushonwa ukingoni kwa zigizaga iliyobanana, uzi wa juu na wa chini ukiwa na mvuto sawa, hivyo kitambaa cha chini kinabaki kimelala. Fundi mwenye haraka hukaza uzi wa juu, na kitambaa kinafinyana kuzunguka namba kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Kisha pitisha kidole kwenye nembo ya kifuani, kati ya manyoya ya hilo bawa: mashine ya tarizi inaporuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine huacha uzi katikati, na mtu anayejali kazi yake huukata. Kwenye kazi za kulipua nyuzi hizo hubaki, na nyuma unakuta karatasi ngumu ya kutarizia imeachwa nzima, ndiyo maana kifua kinasimama kama ubao.

Jambo la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Kitambaa kilichotobolewa na sindano hakisahau upesi. Kama namba iliwahi kufumuliwa ikawekwa nyingine, utaona mstari wa vitundu vidogo usioshika uzi wowote, na mahali palipofunikwa na namba ya zamani patakuwa pamekoza rangi kuliko pembeni, kwa kuwa hapakupigwa na jua wala sabuni. Utuambie umeona nini.

Aliyewahi kuumia, Njombe

Naongezea upande wa mnada wenyewe, maana mimi nililipia somo hili kwa dola 310. Nilinunua jezi iliyopigwa picha nzuri sana, ikafika nyingine. Baadaye nilipozitafuta picha zile kwa kuzipakia kwenye injini ya kutafutia picha, nikazikuta kwenye tangazo la mtu mwingine la miaka mitatu nyuma. Tangu hapo sitoi dau bila muuzaji kunipigia picha mpya, jezi ikiwa imegeuzwa ndani nje, na kikaratasi chenye tarehe ya siku hiyo kikiwa kimewekwa juu ya mkanda. Mwenye mali ya kweli huitoa picha hiyo ndani ya saa chache. Mwenye hila hutoa maelezo marefu.

Vilevile angalieni historia ya dau. Niliporudi kuusoma ule mnada niligundua kwamba nilishindana na akaunti moja tu, isiyo na manunuzi mengine yoyote isipokuwa kwa muuzaji yuleyule. Yaani nilikuwa napandishiwa bei na mwenye jezi.

Na hicho cheti mnachokitaja kimetolewa na nani? Karatasi iliyochapishwa na muuzaji kuthibitisha mali ya muuzaji ni sawa na mtu kujiandikia barua ya utambulisho.

Mkusanyaji, Iringa mjini

Ndugu wa Njombe pole, na hilo la cheti umelisema vizuri. Kwa jezi zilizovaliwa mchezoni, cheti chenye uzito ni kile kinachotoka kwa timu yenyewe au kwa kampuni inayojulikana kwa kazi hiyo, kama MeiGray, ambayo huweka lebo yenye namba ya kumbukumbu ndani ya jezi. Juu ya cheti kuna kulinganisha picha, na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu: wanachukua picha ya mchezo iliyopigwa kwa karibu, wanaangalia ukingo wa namba unakatiza vitundu vipi vya kitambaa, herufi ipi imepinda kidogo, kiraka cha kuziba palipochanika kiko wapi, kisha wanatafuta alama zilezile kwenye jezi iliyo mezani. Jezi mbili zilizoshonwa na fundi mmoja siku moja hazikatizi vitundu vilevile. Alama za mchezo wenyewe nazo husaidia, kama michubuko myeusi ya puki, kile kisahani cha mpira mgumu wanachokipiga, na rangi iliyokwanguliwa kwenye kingo za uwanja, ingawa hizo mlaghai anaweza kuzitengeneza nyuma ya nyumba kwa dakika kumi.

Historia ya umiliki ina uzito kama huo. Jezi aliyovaa Paul Henderson wa timu ya Canada alipofunga bao la ushindi dhidi ya Umoja wa Kisovieti huko Moscow, tarehe 28 Septemba 1972, iliuzwa mnadani mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni moja, na sehemu kubwa ya imani ya wanunuzi ilitokana na kujulikana kwamba Henderson mwenyewe alimpa mhudumu wa timu. Ile ya mwisho ya mchezaji maarufu Wayne Gretzky akiwa na timu ya Edmonton, ya fainali za 1988, ilifika zaidi ya dola milioni 1.4 mwaka 2022. Sasa jiulizeni, jezi ya nahodha wa Detroit ya usiku wa ubingwa ingekuwa inasubiri mtu wa dola 850?

Muuzaji wa Mwanjelwa, Mbeya

Nimerudi, na nawashukuru. Leo asubuhi niliitoa jezi nje kabla wateja hawajajaa, nikaigeuza kama alivyoelekeza dada wa Makambako. Ngao ya ligi ni ya rangi ya chungwa. Mkanda umeshonwa kwa mraba wenye msalaba katikati. Niliuvuta kwa mikono miwili, na kijana wa duka la jirani akavuta upande wa pili, haukusogea. Nembo ya kifuani nyuma yake ni safi, haina uzi unaoning'inia.

Mgongoni ndiko kuna habari. Kuzunguka ile 19 kitambaa kimefinyana, na upande wa kushoto wa 9, kwa umbali wa nusu ukucha, kuna mstari wa vitundu vya sindano unaoshuka wima halafu unapinda. Nimeufuata kwa kalamu kwenye karatasi, na umbo ninalolipata linafanana na 4 au sehemu yake. Herufi za jina nazo zimelala kama miale ya jua, kila moja imeinama upande wake.

Mkusanyaji, Iringa mjini

Hapo kwenye herufi umemaliza kesi. Kwenye jezi za Detroit kila herufi ya jina husimama wima, na juu na chini yake hukatwa mshazari kuufuata upinde; herufi ya katikati hailingani umbo na ya pembeni. Ni kazi ya kukata kila jina upya, na ndiyo maana wanaobandika kienyeji huchukua herufi za kawaida wakaziinamisha. Kwa hiyo jezi yenyewe ni ya kiwango cha wachezaji, ya kabla ya 2005, na mtu fulani alifumua namba ya awali akaweka 19 ili ipande bei. Usifumue chochote. Iandike ilivyo, na picha za vile vitundu ziwe za kwanza.

Fundi cherehani, Makambako

Na usiifue kwa maji ya moto, gundi ya nyuma ya namba itaachia.

Muuzaji wa Mwanjelwa, Mbeya

Sawa dada, nimeikunja tu. Mdogo wangu alimwomba yule muuzaji picha ya ndani ya pindo yenye tarehe. Amejibiwa kwamba picha zilizopo zinatosha na kwamba wanunuzi wa kweli hawasumbui. Tumejitoa, dau limefika dola 1,140 na bado siku moja. Ya kwetu tunaiweka Jumamosi kwa maelezo haya: «Jezi ya CCM ya Detroit, saizi 52, imetengenezwa Canada, ngao ya kabla ya 2005. Jina na namba si za awali. Angalia picha ya tatu hadi ya sita.» Bei ya kuanzia tumeweka dola 60. Kijana wa bodaboda aliyeiona ikining'inia Jumatatu amekuja tena leo na elfu kumi na tano mkononi, nami nimemwambia asubiri belo lijalo.