Tupeane uzoefu: Heathrow hadi Schiphol, ndege inatumia muda gani hasa?

Wakuu, habari za humu. Mdogo wangu anatoka London kuja nyumbani likizo, anaunga ndege Amsterdam. Tiketi inasema anaondoka saa 4:00 asubuhi, anafika saa 6:20 mchana. Nikicheki ramani, kati ya viwanja hivyo viwili ni kama kilomita 370. Dar–Dodoma kwa barabara ni zaidi ya hapo. Saa mbili na ushee za nini? Nafasi ya kuunga ni saa moja na nusu, na mama hana amani. Mliopita njia hiyo, mwageni uzoefu.

Mbeba Maboksi: Mkuu, kila saa hapo ni ya nchi yake. Uholanzi iko mbele ya Uingereza kwa saa moja, kiangazi na baridi. Safari ni saa 1 na dakika 20, na hewani mtakaa dakika 50 hivi. Wakati wa kurudi ndiyo raha: unaondoka Amsterdam saa 4:00, unafika London saa 4:20!

Dada wa Rotterdam: Hizo dakika nyingine zinaliwa chini. Heathrow ndege hupanga foleni ya kuruka. Halafu Schiphol omba usitue Polderbaan, ile njia ya kutulia ndege iliyofunguliwa 2003, wakaiweka mbali kabisa ili makelele yasiwasumbue watu wengi. Mnagusa ardhi, abiria wanawasha simu, kumbe bado robo saa ya kutambaa. Mnavuka hadi juu ya barabara kuu ya A5, magari yanapita chini yenu. Mwanangu aliniuliza kama ndege inatupeleka nyumbani kabisa.

Kiti cha Dirishani: Kuelekea London ni kinyume, muda unaliwa juu. Ndege zikiwa nyingi mnawekwa kwenye mzunguko wa Lambourne, mnazungushwa juu ya mashamba ya Essex mpaka zamu ifike. Nimeona ziwa lilelile mpaka nikalizoea. Wahudumu nao kwa safari fupi hivyo wanagawa juisi mbiombio, hujamaliza kikombe kinadaiwa.

Mpenda Treni: Mimi London–Amsterdam napanda Eurostar, inachukua kama saa 4, stesheni ya St Pancras hadi katikati ya mji, pasipoti inakaguliwa kabla ya kupanda. Ila kwa anayeunga ndege simshauri.

Mbeba Maboksi: Umbali wenyewe uwe unauangalia kwa jina la uwanja, si la mji. Kuna ndege za bei poa zinauzwa "Paris" zinatua Beauvais, kilomita 80 na zaidi kutoka mjini. Nauli ya basi unaijua ukishafika.

Dada wa Rotterdam: Mleta uzi, tiketi ni moja au mbili? Ikiwa moja, akichelewa shirika ndilo litamtafutia ndege nyingine. Zikiwa mbili, saa moja na nusu ni kamari. Uhamiaji wa Uholanzi hapiti, maana Uingereza haimo Schengen (zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao) na anakokwenda hakumo. Afuate mabango ya kuunga ndege tu, asisimame kwenye maduka ya jibini.

Mleta uzi: Shukrani, wakuu. Ni moja, na begi linakwenda moja kwa moja hadi KIA. Alikuwa amepewa kiti cha safu ya 27, nimemwambia aombe cha mbele. Mama anasema hizo dakika 50 za hewani ndizo zinazomtisha kuliko zote.