Programu ya kukinga virusi imekataa kutoka kwenye laptopu: niiondoeje bila kuacha mabaki?

Mchapaji, Kisauni
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nimenunua laptopu ya mtumba yenye Windows 11, na ndani yake nimekuta programu ya kukinga virusi ya majaribio ambayo muda wake umekwisha. Kila nikiwasha mashine, dirisha la kunitaka nilipie huchomoza kwenye pembe ya skrini, hata nikiwa katikati ya kumchapia mteja barua. Nikijaribu kuiondoa kupitia Mipangilio, naambiwa faili ya kuiondolea haipatikani. Yaelekea mwenye mashine wa awali alifuta sehemu ya folda yake. Nifanyeje bila kuweka Windows upya?

Fundi, Majengo
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Faili ya kuondolea programu, ambayo mara nyingi huitwa uninstall.exe, kwa kawaida hukaa ndani ya folda ya programu yenyewe, kwa hiyo anayefuta folda kwa mkono hufuta pia njia ya kuitoa, ilhali rejistri ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo na ya programu zake, bado ina maagizo ya kuiwasha. Tafadhali usiendelee kufuta. Nenda kwenye tovuti rasmi ya watengenezaji upakue kifaa chao maalumu cha kuondolea (ni programu ndogo), kwani kampuni nyingi za programu hizi hukitoa bure, na baadhi huagiza kiendeshwe Windows ikiwa katika hali salama (Safe Mode), yaani imewashwa na vitu vya lazima tu. Usipokipata, sakinisha toleo lilelile juu ya hilo bovu ili faili zilizopotea zirudi, kisha uliondoe kwa utaratibu na kuwasha mashine upya.

Kabla ya yote, nakili kazi za wateja kwenye flashi, tengeneza sehemu ya kurejesha mfumo (restore point), ili uweze kuirudisha Windows ilivyokuwa mambo yakiharibika, na uhakikishe betri imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii utabaki na uharibifu mwingine.

Mama Duka, Likoni
Naongezea kwamba programu hizi hupenda kuweka kiendelezi, yaani kiprogramu cha nyongeza, kwenye kivinjari na kubadilisha ukurasa wa kutafutia, na hicho hukiondoi kwingine ila ndani ya kivinjari chenyewe. Tazama pia kama kuna mabaki yake kwenye folda za ProgramData na AppData, ambazo Windows huzificha. Ukimaliza, fungua Usalama wa Windows: Microsoft Defender hujiweka kando palipo na kinga nyingine na hurudi yenyewe ikiondoka, lakini thibitisha kwa macho yako kwamba imewaka.

Msomaji, Changamwe
Je, asitumie programu ya kusafisha rejistri ili amalize mara moja?

Fundi, Majengo
Hapana, ndugu yangu, na katika hili nasisitiza. Maandishi machache yaliyosalia kwenye rejistri hayachukui nafasi ya maana wala hayapunguzi kasi ya mashine, ilhali kufuta lisilofaa kunaweza kuizuia Windows isiwake kabisa. Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi ya visafishaji hivyo, na vingine huja vimebeba programu nyingine zisizotakiwa, nawe ukajikuta una mbili za kuondoa.