Baridi ya Julai na habari za saa moja

Mwalimu mstaafu, Njoro: Nilistaafu nikidhani Julai itakuwa ya uji wa wimbi na blanketi. Sasa taarifa ya saa moja inaninyima usingizi: vita Ukraine tangu 2022, vita Sudan tangu Aprili 2023. Mzee wangu hataki redio izimwe, na jiko la makaa tumeliingiza chumbani. Wenzangu mnafanyaje?

Mama wa Molo: Dada, toa jiko kwanza! Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, inaua watu usingizini. Habari mimi husikiliza asubuhi tu, nikikamua ng'ombe.

Mstaafu wa Kisumu: Baridi gani? Huku tunalala madirisha wazi. Vita vya Ukraine nilivijua kwa bei ya mbolea.

Mwalimu mstaafu: Jiko limetoka. Mzee amelifuata, na redio yake kwapani.