Kusia mbegu ndani ya nyumba: shelfu, taa na vifaa, nianze na kipi?

Habari zenu wote, na shikamooni wakubwa.

Nakaa fleti ghorofa ya tatu, dirisha linalopata jua ni moja tu na kipindi hiki cha baridi jua lenyewe ni masaa machache. Mwaka jana nilisia nyanya na hoho kwenye vikopo nikaviweka dirishani, zikaota vizuri nikafurahi, ila baada ya wiki mbili zikawa ndefu nyembamba kama nyuzi, zote zimeegemea kioo, nilivyozipeleka nje upepo ukazilaza chini na hazikuamka tena. Mwaka huu nimepata kaeneo ka kulima na sitaki yanikute tena. Naona watu wana shelfu za waya zenye taa, mikeka ya joto, feni, taa za zambarau, vitu vingi na siwezi kununua vyote kwa mpigo. Kipi cha lazima na kipi kinaweza kusubiri? Nitashukuru sana.

— — —

Marahaba mwanangu.

Mi nina mwaka wa kumi na moja nasia mbegu ndani kwa hiyo nitakueleza nilivyojifunza, soma taratibu maana ni ndefu. Kwa ufupi hela yako ya kwanza iende kwenye taa. Sio shelfu, sio mkeka, taa. Shelfu unaweza kutumia hata meza kuukuu ukaning'iniza taa juu yake, lakini mwanga hauna mbadala, na hiyo miche yako ya mwaka jana haikuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa inatafuta mwanga, ndo maana ikarefuka na kuegemea kioo.

Zambarau si lazima. Mwanga mweupe una nyekundu na bluu ndani yake, mmea unajichukulia unachohitaji, halafu chini ya taa nyeupe unaliona jani mapema likianza kugeuka njano, chini ya zambarau majani yote yanaonekana meusi na unakuja kugundua tatizo limeshaenea. Chukua zile taa ndefu za LED za futi 4 ambazo watu wanafunga kwenye magereji. Angalia boksi limeandikwa Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) kati ya 4000 na 6500, na kila taa itoe lumeni (kiasi cha mwanga) 4000 hivi au zaidi. Funga mbili kwa kila ngazi ya shelfu, ukifunga moja miche ya pembeni itainamia katikati.

Sasa umbali, hapa ndo wengi wanakosea. Taa ikikaa juu sana mwanga unapungua haraka mno hata kama kwa macho yako chumba kinang'aa. Anza na sentimita 15 kutoka kwenye ncha za miche, ikirefuka na kuwa myembamba shusha, majani yakianza kujikunja au kupauka pandisha. Simu yako inaweza kukusaidia, pakua programu ya kupima mwanga halafu ilaze simu pale majani yalipo, kioo kikiangalia taa, ukisoma laksi (kipimo cha mwanga unaofika pale) 10,000 hadi 15,000 uko vizuri kabisa. Usiitegemee kama kipimo cha maabara lakini utashangaa ukipima na pale dirishani siku ya mawingu. Taa ziwake masaa 14 hadi 16 kwa siku, halafu zizimike, na usitegemee kukumbuka mwenyewe, nunua taima ya kuchomeka ukutani. Ni kitu kidogo lakini bila hiyo siku ukichelewa kazini miche inakaa gizani.

Shelfu: ya waya ni nzuri kwa sababu hewa inapita na taa unazining'iniza kwa minyororo midogo na ndoano kwenye ngazi ya juu yake, kwa hiyo kupandisha na kushusha ni kuhamisha tundu tu la mnyororo. Kumbuka ngazi ya juu kabisa haina pa kuning'iniza taa, shelfu ya ngazi 4 ina sehemu 3 za kusia. Na kabla hujanunua PIMA TREI. Mi nilinunua shelfu ya kina cha sentimita 45 kwa furaha zote, nikafika nyumbani trei zangu zina urefu wa sentimita 54 na upana wa 28, nikiziweka kwenda ndani zinatokeza mbele sentimita 9 na kila nikipita nazigonga, nikizilaza kwa urefu zinaingia 2 tu. Ukipata shelfu ya urefu wa 120 na kina cha 60 zinakaa trei 4 kila ngazi bila shida na taa za futi 4 zinazifunika zote.

Mkeka wa joto, ule wa umeme unaowekwa chini ya trei, unasaidia kuotesha tu. Hoho na biringanya zinapenda udongo wa nyuzi joto 25 hadi 30, nyanya 21 hadi 27, kabichi haina shida na joto la kawaida la ndani, na letusi udongo ukizidi nyuzi 27 hivi nyingi zinagoma kabisa kuota, hizo usiziweke juu ya mkeka. Mkeka unaongeza kama nyuzi 5 hadi 10 juu ya joto la chumba, kwa hiyo kama chumba chako kina joto na mkeka hauna thermostati (kifaa kinachopima joto na kuuzima na kuuwasha chenyewe) unaweza kupika mbegu. Mi ilinitokea, trei nzima ya hoho, nilisubiri wiki tatu nikafukua nikakuta mbegu zimeoza. Thermostati yenye waya wa kuchomeka kwenye udongo ndo dawa. Zikishaota toa mkeka, mche ukiwa kwenye joto jingi na mwanga mdogo unarefuka vilevile kama wa dirishani.

Udongo usichote nje. Unashikamana, mizizi inakosa hewa, na unaingiza wadudu na magonjwa ndani ya nyumba. Tumia mchanganyiko wa kusia mbegu au makumbi ya nazi yaliyosagwa na perlaiti kidogo (vile vijiwe vyeupe vyepesi), lakini makumbi hayana chakula, kwa hiyo majani ya kweli yakitoka (sio yale mawili ya kwanza) anza mbolea ya maji nusu ya kipimo au hata robo.

La mwisho kwa leo, weka trei zisizo na matundu chini ya zile zenye matundu. Mwaka wangu wa pili maji yalivuja usiku yakashuka hadi kwenye dari ya jirani wa chini, nikalipa kupaka rangi upya, na uhusiano wetu ulichukua muda kurudi sawa.

— — —

Shikamoo mama, umeeleza vizuri sana. Mimi ni fundi umeme naomba nichomekee upande wangu kwa sababu maji na umeme viko pamoja kwenye hii kitu na watu huwa hawafikirii.

Kwanza bili, kaka usiogope. Taa moja ya wati 40, mbili kila ngazi, ngazi 3, hiyo ni wati 240. Ukiwasha masaa 16 ni yuniti 3.84 kwa siku, kama 115 kwa mwezi. Zidisha na bei ya yuniti kwenye bili yako utajua kabla hujanunua kama unaanza na ngazi moja au zote. Ngazi moja ni yuniti 38 hivi kwa mwezi, na ngazi moja yenye trei 4 ni miche mingi sana kwa mtu mmoja jamani.

Pili, ekstensheni. Tumia moja nzuri, yenye swichi, ichomekwe moja kwa moja ukutani, USICHOMEKE ekstensheni juu ya ekstensheni nyingine. Ifunge kwenye mguu wa shelfu juu, isilale sakafuni ambako maji yakimwagika yanaifuata. Waya wa kila taa uache uning'inie chini kidogo kabla haujapanda kwenda kwenye soketi, ule mkunjo unafanya tone la maji lidondoke pale badala ya kutembea na waya hadi kwenye plagi. Na kama soketi yako si ile inayokata umeme yenyewe ukivuja, nunua adapta yenye hiyo kinga uchomeke katikati. Taima nayo iangalie imeandikwa inabeba wati ngapi, jumlisha taa na chochote kingine ulichopitisha hapo. Mkeka usiupitishe kwenye taima ya taa, wenyewe unaongozwa na thermostati usiku na mchana.

Kitu kingine, shelfu ndefu ikijaa trei zenye maji ni nzito na juu ndo inazidi. Trei nzito weka chini, na ifunge ukutani isije ikaangukia mtoto. Kama mwenye nyumba hataki utoboe ukuta muulize kwanza kwa maandishi, akikataa kabisa tumia shelfu fupi.

— — —

Wapendwa, mi naongezea kinyausi kwa sababu hakijatajwa na ndicho kiliniua moyo mwaka wangu wa kwanza. Unalala miche imesimama, asubuhi unakuta imelala, shina limenywea pale linapotokea kwenye udongo kama limebanwa na uzi. Mche ulioanguka hivyo hauponi, usihangaike nao, utoe na udongo wake. Ni kuvu wa kwenye udongo na wanapenda unyevu uliotuama na hewa isiyotembea.

Kwa hiyo nakubaliana na mama kuhusu taa ila feni kwangu mimi inakuja namba mbili, kabla hata ya mkeka. Feni ndogo tu ya mezani, spidi ya chini, majani yacheze kidogo, yasipigwe hadi kulala. Inakausha uso wa udongo na mashina yanakuwa magumu. Ule mfuniko wa plastiki unaokuja na trei toa mara nusu ya mbegu zikishachomoza, watu wanauacha wakidhani unasaidia, ule ni mwaliko wa kuvu.

Kumwagilia fanya kwa chini. Mimina maji kwenye trei ya chini, acha dakika 20 hadi 30 udongo unyonye, yaliyobaki mwaga. Inua trei kwa mkono, baada ya siku chache utajua uzito wa trei yenye kiu bila hata kuangalia. Na vile vijidudu vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo ni dalili unamwagilia kupita kiasi, acha uso ukauke, weka karatasi za njano za gundi, vitapungua. Trei za mwaka jana zisafishe na sabuni halafu loweka dakika 10 kwenye maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, sehemu 1 ya dawa kwa 9 za maji, suuza.

Na wale wa fleti, shelfu ikae sentimita kama 10 kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje ambao ni baridi, vinginevyo mvuke unageuka maji pale na ukungu mweusi unaota ukutani na hilo utajieleza kwa mwenye nyumba siku ya kuhama.

— — —

> Ngazi moja yenye trei 4 ni miche mingi sana kwa mtu mmoja

Asanteni sana sana wote. Nimeamua hivi: shelfu ya kina cha 60, ngazi moja kwanza, taa mbili, taima na feni. Mkeka mmoja mdogo wenye thermostati kwa ajili ya hoho tu. Ekstensheni nitafunga juu kama fundi alivyosema. Swali limebaki moja, nisie lini? Mwaka jana nilisia vyote siku moja.

— — —

Mwanangu, umepanga vizuri. Usisie vyote siku moja. Tafuta tarehe ya wastani ya jalidi (baridi inayogandisha umande) ya mwisho ya hapo unapoishi, idara ya hali ya hewa huwa wanayo, halafu hesabu kurudi nyuma: vitunguu wiki 10 hadi 12, hoho na biringanya 8 hadi 10, nyanya 6 hadi 8, kabichi unasia wiki 4 hadi 6 kabla ya kuipeleka nje na yenyewe inavumilia baridi kidogo kwa hiyo inaweza kutangulia kutoka. Maboga na matango wiki 3 tu, tena kwenye kikopo chake, mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Kuwahi sana sio faida, nyanya ya wiki 12 ndani inakuwa imejikunja mizizi na utakosa pa kuiweka.

Ukianza na ngazi moja, hoho zianze peke yake, zikishaota toa mkeka, nyanya zifuate. Andika majina kwenye vibao kwa PENSELI, kalamu nyingi zinafutika na maji na mwanga na hoho na pilipili kali zikiwa changa huwezi kuzitofautisha. Miche mirefu na mifupi usiichanganye trei moja, utashindwa kujua taa uiweke wapi, na kama huna namna inua ile mifupi kwa kuiwekea boksi chini.

Na ile ya kulala chini ukiipeleka nje, mwaka jana mwanga ulikuwa nusu tu ya tatizo. Mche uliokulia ndani haujawahi kuona upepo wala jua kali. Siku ya kwanza utoe saa moja au mbili kivulini, urudishe ndani, kila siku ongeza masaa na jua kidogokidogo, siku 7 hadi 10 ndo uuhamishie shambani. Siku ya upepo mkali uache ndani hata kama ratiba inasema utoke. Nyanya ukizihamisha zifukie shina hadi karibu na majani, shina lote lililo chini ya udongo linatoa mizizi. Hoho panda kina kilekile ilichokuwa nacho.

Ukishafunga taa tutumie picha tuone umbali.