Ile asilimia 40 ya Autosteer ilitoka wapi?

Swali: Wadau, naendesha teksi Columbus, Ohio. Shemeji ananisukuma ninunue Tesla, anasema serikali ilithibitisha Autosteer, mfumo wa Tesla wa kujiongoza usukani, inapunguza ajali kwa asilimia 40. Kiti cha nyuma hukaa wanangu watatu. Niamini?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Hiyo ni ripoti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, ya Januari 2017. Mwaka 2019 kampuni ya utafiti ya Quality Control Systems waliichambua data: magari mengi hayakuwa na rekodi kamili ya maili za kabla ya Autosteer kuwekwa. Ajali huhesabiwa kwa maili, kwa hiyo maili zikikosekana kwenye hesabu, ajali za “kabla” zinaonekana nyingi. Kwenye magari 5,714 yenye rekodi kamili, kiwango cha ajali kilipanda!

Muulizaji: Lo! Namwonyesha shemeji leo leo.

Jibu: Mwambie pia Autopilot, mfumo wa Tesla wa kumsaidia dereva ambao Autosteer ni sehemu yake, hutumika zaidi barabara kuu, kusiko na taa za trafiki wala waenda kwa miguu. Huwezi kulinganisha ajali za huko na za mitaa ya mjini.