Dripu ya mgonjwa mnene: tupige hesabu kwa uzito upi?

Mleta mada:
Wenzangu wa wodini, hili tulijadili waziwazi. Mwanamume wa sentimita 170, kilo 150, hawezi kula wala kunywa. Ameandikiwa maji ya mahitaji ya siku, mililita 30 kwa kilo. Kwa kilo zake zote inakuja mililita 4,500. Kwa uzito unaolingana na urefu wake, ambao kanuni ya Devine ya 1974 inauweka kwenye kilo 66 hivi, inakuja 1,980. Kwa seti ya dripu inayotoa matone 20 kwa mililita, mmoja wetu atahesabu matone 62 au 63 kwa dakika, mwingine 28.

Mimi nasema kilo 150 zisiingie kabisa kwenye hesabu hii. Mafuta ya mwili yana maji machache mno kuliko misuli. Mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka mnene ahesabiwe kwa uzito unaofaa, yaani huo unaolingana na urefu wake, na unakumbusha kwamba ni nadra mtu kuhitaji zaidi ya lita 3 kwa siku. Lita 4.5 kila siku, kwa moyo ambao tayari umeelemewa, ni kuyajaza mapafu maji.

Muuguzi, wagonjwa mahututi:
Kwa maji ya siku nakuunga mkono. Ila watu wasiibebe hesabu hiyo hadi kwa aliyeshuka presha. Damu ya mtu mnene huongezeka, ingawa si sawa na kilo zake: wa kawaida ana takriban mililita 70 kwa kilo, huyu hukadiriwa 45 hivi. Bado ni karibu lita 7, na mtu wa kilo 66 ana 4.6. Akija na sepsisi, yaani maambukizi makali yanayoathiri mwili mzima, hupewa pia mililita 30 kwa kilo, ila ndani ya saa 3 za mwanzo; hizo ukizipima kwa kilo 66, ukampa lita 2 na kuona umemaliza, figo zinaweza kuendelea kukosa damu.

Mchangiaji mwingine:
Basi tushike katikati. Uzito unaofaa, jumlisha asilimia 40 ya kilo zilizozidi. Huyu anafika kilo 100. Wafamasia mbona wanautumia?

Mleta mada:
Wanautumia kwa baadhi ya dawa, antibayotiki ya jentamaisini kwa mfano, kwa sababu ya namna dawa hiyo inavyosambaa mwilini. Kwa maji ya siku, kilo 100 zinakupeleka moja kwa moja kwenye lita 3, yaani mgonjwa wa kawaida kabisa unamweka ukingoni tangu asubuhi. Sikubali.

Sista, kuhusu presha umenena kweli. Hapo uzito ni pa kuanzia tu. Mililita 500 ndani ya dakika 15, kisha unarudi kitandani: presha, mkojo, pumzi, mapafu yanasikikaje. Ndipo unaamua kuongeza au kusimama.

Kinachoniudhi hasa ni agizo lenyewe. Linaandikwa "mililita 30 kwa kilo", basi. Daktari alikuwa na uzito mmoja kichwani. Wa zamu ya usiku anachukua ule wa kwenye mizani, maana ndio anaouona kwenye faili. Napendekeza agizo la mgonjwa mnene liandikwe kwa mililita kwa saa, kwa huyu wetu 82 au 83, na uzito uliotumika utajwe kando yake. Anayeona hilo halifai atuambie linakwama wapi.